Jibu kwa katibu wa Mkinga: siku ya Katiba kijijini ifanyweje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama wanaolima mwani wilayani Mkinga, mkoani Tanga. Sisi pamoja na vijana wa timu ya mpira tumekubaliana kufanya siku ya Katiba kijijini. Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, huikumbuka Katiba yao kila tarehe 27 Agosti, sisi hatuna siku kama hiyo. Hatutaki iwe ngoma, pilau na hotuba, kisha watu watawanyike. Tuifanyeje? Na wajibu wa raia ni upi hasa, maana hapa kijijini kila mtu anautaja wake?

Marahaba, katibu. Nianze na jibu lenyewe, kisha nishuke kwenye utaratibu. Siku hiyo someni ibara chache kwa sauti, kila ibara iunganisheni na jambo moja la kijiji linalojulikana na wote, na jambo hilo mliingize kwa maandishi kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji unaofuata. Pilau si kosa, na ngoma si kosa. Lakini Katiba yetu inamtaka mtu aitii na papo hapo inampa haki ya kuilinda. Sherehe nyingi huhubiri hilo la kwanza na kulisahau la pili, ndiyo maana watu hurudi nyumbani kama walivyokuja.

Kabla ya yote, hakikisheni mnashika kitabu chenyewe. Hapo ndipo maandalizi mengi huharibika mapema, hasa siku hizi ambapo kila mmoja hupakua kwenye simu. Huko kwenu pwani ya kaskazini zinazunguka katiba nne kwa pamoja. Iko Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ambayo ndiyo inayotumika. Iko Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu la Katiba Oktoba 2014. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika 30 Aprili 2015 iliahirishwa, kwa hiyo si sheria, hata kama jalada lake linapendeza na limebeba jina la nchi. Iko Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, inayohusu mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano. Na iko ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo vipande vyake huvuka mpaka kwa simu na kunukuliwa mikutanoni kana kwamba ni vyetu. Mtu akisimama akasema "Katiba ibara ya 43 inanipa haki ya afya na maji," huyo anasoma ya Kenya.

Kipimo chepesi ni hiki: fungueni Ibara ya 26. Ikiwa inazungumzia wajibu wa kutii sheria za nchi, mko kwenye Katiba ya 1977. Kisha fungueni Ibara ya 18, muone kama ni toleo lililobeba mabadiliko ya mwaka 2005, ambayo yalikuwa ya kumi na nne. Ibara hiyo iliandikwa upya mwaka huo. Ya sasa inakwenda kwa herufi (a) hadi (d), na (d) inasema kila mtu anayo haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi na masuala muhimu kwa jamii. Kitabu cha zamani kilichohifadhiwa kabatini shuleni huenda kina maneno mengine. Kinafaa kwa historia, lakini msikisome siku hiyo. Nakala ya Kiswahili inapatikana bure kwenye tovuti ya Bunge na ya Wizara ya Katiba na Sheria.

Katiba nzima ina sura 10 na ibara 152. Msijaribu kuisoma yote. Hata sehemu ya haki na wajibu peke yake, Ibara ya 12 hadi ya 30, ni ibara 19, na baadhi ni ndefu kiasi cha kumchosha msomaji mwenyewe. Chagueni sita: 8, 18, 21, 26, 27 na 28. Zilizo ndefu chukueni vifungu mnavyovihitaji tu, na muandike wazi kwamba ni sehemu ya ibara. Chapeni kwa herufi kubwa, ukubwa wa 14, kwenye karatasi pande mbili. Kwa watu 60, nakala 30 zinatosha, wawili wawili wakishirikiana. Asiyesoma asikie zikisomwa. Kila ibara isomwe mara mbili na wasomaji wawili tofauti, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, polepole, bila maelezo katikati. Maelezo yaje baadaye. Mkianza kufafanua kabla ibara haijaisha, watu watakumbuka ufafanuzi na kusahau Katiba inasemaje.

Sasa swali lako la wajibu. Kijijini kila mtu anataja wake kwa sababu maneno matatu huchanganywa: wajibu uliomo kwenye Katiba, wajibu unaotokana na sheria nyingine, na adabu njema tu ya kuishi na watu. Katiba ina ibara nne za wajibu, 25 hadi 28. Basi.

Ibara ya 25 inahusu kazi. Inamtaka kila mtu ashiriki kwa kujituma na kwa uaminifu katika kazi halali, na papo hapo inakataza kazi ya shuruti. Swali litakalozuka hapo ni la msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi: je, ni shuruti? Ibara hiyo hiyo imeeleza kwamba kazi ya kawaida ya ustawi wa jamii na ya kujenga taifa, ikiwa inafanywa kwa mujibu wa sheria, haihesabiwi kuwa ya shuruti. Uzito uko kwenye hayo maneno "kwa mujibu wa sheria". Kijiji kikitaka kumtoza faini asiyefika kwenye usafi, faini iwe na sheria ndogo iliyojadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Faini iliyotangazwa tu na mtu mwenye kipaza sauti haina miguu. Michango nayo iangalieni kwa jicho hilo: Ibara ya 138 inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Raia mwema analipa kinachodaiwa kisheria na kudai stakabadhi. Dukani pia, kudai risiti ni wajibu wa mnunuzi kisheria, si wa muuzaji peke yake.

Ibara ya 26 ndiyo ningependa muisome kwa utulivu kuliko zote. Kifungu cha kwanza kinasema kila mtu ana wajibu wa kufuata na kutii Katiba na sheria za Jamhuri ya Muungano. Hicho kila mgeni rasmi anakijua. Cha pili kinasema kila mtu ana haki, kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria, kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi. Vifungu viwili, ibara moja. Anayesoma cha kwanza akafunga kitabu amesoma nusu.

Mfano wake uko karibu. Rebeca Gyumi alifungua shauri Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba na ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikashikilia uamuzi ule ule. Mtu mmoja, kwa njia ya mahakama na bila fujo yoyote, aligusa maisha ya mabinti wa nchi nzima. Huo nao ni uraia.

Lakini msiwaambie watu kwamba jambo lolote linaloudhi linaweza kupelekwa mahakamani kwa kutaja ibara. Mashauri ya haki yanakwenda Mahakama Kuu kwa Ibara ya 30(3) na kwa Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu, na Mahakama Kuu iko Tanga mjini pia. Marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri kama hilo aeleze kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, na aonyeshe kwamba amekwisha kutumia njia nyingine zilizopo. Marekebisho hayo yaliufanya mlango kuwa mwembamba kuliko maneno ya Ibara ya 26 yanavyosikika, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa hasara kwa mwananchi wa kijijini ambaye hutegemea mwingine amsemee. Mweleze kila mmoja kweli hiyo, asije akapoteza nauli na matumaini.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui linahusu Ibara ya 8. Inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali itawajibika kwa wananchi, nao watashiriki katika shughuli za Serikali yao. Ni maneno mazito, na yatapigiwa makofi. Lakini yamo katika Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, na Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Ibara ya 11, inayotaja elimu na kazi, iko sehemu hiyo hiyo. Kwa hiyo Ibara ya 8 haikupeleki kortini. Mahali pake ni kwenye mkutano, kwenye barua, na kwenye sanduku la kura. Ndiyo maana nasisitiza siku yenu iishie kwenye ajenda ya kijiji: ndilo jukwaa ambalo ibara hiyo inafanya kazi.

Ibara ya 27 ndiyo yenu watu wa pwani. Inamtaka kila mtu alinde maliasili ya nchi, mali ya umma na mali inayomilikiwa kwa pamoja, na aheshimu mali ya mwenzake. Inawataka watu wapige vita uharibifu na ubadhirifu. Usiisome ukaiacha hewani. Iwekeni juu ya meza pamoja na mikoko, matumbawe na bomba la maji.

Chukua baruti. Mlipuko mmoja unaua samaki wakubwa na wachanga na mayai kwa mpigo, na unavunja matumbawe ambayo huchukua miaka mingi sana kurudi, na mengine hayarudi. Pasipo na matumbawe samaki hawana pa kukaa wala kuzaliana, na wimbi linafika ufukweni na nguvu zake zote. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza uvuvi huo. Ila anayewezesha baruti si aliyerusha peke yake, ni pia anayenunua bila kuuliza. Wafundisheni watu kumtambua samaki wa baruti wakati wa kupara: uti wa mgongo umevunjika au umeachana na nyama, matumbo na kibofu cha hewa vimepasuka, damu imevilia ndani, na nyama inalegea upesi ingawa samaki ni wa leo. Atakayeona hayo ana njia ya kupeleka taarifa: kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari kijijini, yaani BMU, afisa uvuvi, au polisi. Mikoko nayo ni misitu ya hifadhi, haikatwi kwa kuwa fulani anajenga. Kukata kunahitaji kibali cha wakala wa misitu, na kijiji kina haki ya kuuliza kibali kiko wapi.

Upande wa ubadhirifu, kazi ni ya karatasi. Kisima au bomba la kijiji likikaa bila maji huku watu wanalipa ndoo kila siku, Ibara ya 27 inawataka muulize fedha zimeingia kiasi gani, zimetoka kiasi gani, na zilizobaki ziko akaunti gani. Kuuliza huko si ugomvi na kamati. Ubaya wake ni pale mnapouliza barazani kwenye kahawa, kwa minong'ono, badala ya kuuliza pale ambapo jibu linaandikwa kwenye muhtasari.

Ibara ya 28 ni ya ulinzi wa taifa, na hapa angalieni nani anatajwa. Ibara za 25, 26 na 27 zinamgusa "kila mtu", hata mgeni aliyevuka kwa siku mbili kuuza vitunguu. Ya 28 inasema "kila raia". Zoezi zuri kwa vijana ni kuwapa penseli wapitie Ibara ya 12 hadi ya 28, waweke mstari chini ya "kila mtu" na duara kwenye "kila raia". Wataona kwamba haki ya kuishi, ya kusikilizwa, ya faragha na ya kuabudu ni za kila mtu, ila kwenda kokote na kuishi popote nchini, kushiriki utawala na fursa sawa ya kushika kazi za umma ni za raia. Kwenye wilaya ya mpakani zoezi hili lina faida ya pekee, kwa sababu linazuia tabia mbaya ya kumwita jirani "si raia" pale mnapogombea shamba au uongozi. Uraia unaamuliwa kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 na Idara ya Uhamiaji. Lafudhi na kabila havimo. Mkoani mwetu huu, kwenye makazi ya Chogo wilayani Handeni, wapo Wazigua waliotoka Somalia wakapewa uraia. Ni raia kamili kama mimi na wewe. Na kuhusu ulinzi, huko kwenu kunaanza na njia za panya: bidhaa za magendo na watu wanaosafirishwa gizani hupita mbele ya macho ya wanakijiji kwanza.

Je, kupiga kura? Watakuuliza tu. Katiba imekuweka kwenye Ibara ya 5 kama haki ya raia aliyefikisha miaka 18, na hakumo kwenye orodha ya wajibu. Hakuna anayeadhibiwa kwa kutopiga kura. Mimi nakuhesabu kuwa deni la heshima, lakini msilisomee watu kana kwamba ni ibara. Kilicho cha lazima kujua ni kwamba uchaguzi wa kijiji na kitongoji una orodha yake ya wapiga kura, tofauti na Daftari la Kudumu. Watu wengi hukaa na kadi ya mpiga kura mfukoni wakidhani wameshajiandikisha, kumbe siku za kujiandikisha kijijini zimepita. Katika uchaguzi wa 27 Novemba 2024 zilikuwa siku 10 tu, 11 hadi 20 Oktoba. Uchaguzi huo huja kila baada ya miaka 5. Tahadhari moja: mkitaka kugeuza siku yenu kuwa ya elimu ya mpiga kura, hiyo huratibiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na watoaji wake huomba kibali. Bakini kwenye Katiba.

Tarehe. Wengi hukimbilia 26 Aprili kwa sababu ni Sikukuu ya Muungano, na Katiba yenyewe ilianza mwezi huo wa Aprili mwaka 1977. Maana yake ni nzuri, lakini hali ya hewa haiwafai: ni katikati ya masika, barabara za huko hukatika na turubai halitoshi. Chagueni siku kati ya Julai na Septemba. Na kwa kuwa kikundi chenu ni cha mwani, angalieni mwezi kabla ya kalenda ya ukutani. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, kina mama wako shambani baharini na wengine wako kwenye pweza, hakuna atakayekuja. Wekeni siku ya maji mafu, yaani yasiyokupwa sana, karibu na tarehe 8 hadi 10 au 22 hadi 24 za mwezi mwandamo. Isiwe Ijumaa. Anzeni saa 3 asubuhi mmalize kabla ya adhuhuri. Saa tatu za kazi zinatosha, na chakula kije baada ya sala.

Taarifa zitolewe mapema. Kama mtakutana mahali pa wazi, pelekeni barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya saa 48 kabla au zaidi, mkitaja mahali, saa na madhumuni. Nakala zimwendee mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata. Barua hiyo ni ya kutoa taarifa, haiombi ruhusa. Mwaka 1994, katika kesi iliyofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila, Mahakama Kuu ilikataa sharti la kuwa na kibali ndipo watu wakutane, na tangu hapo utaratibu ni taarifa. Iandikwe kwa heshima, lakini msitumie maneno "tunaomba kibali". Mkiomba kibali mmekubali kunyimwa. Polisi wakiwa na sababu ya kisheria ya kuzuia, waombeni waiandike.

Vyama vya siasa viachwe nje ya uwanja: fulana, kofia, salamu na nyimbo zake. Waalikeni viongozi wa vyama vyote kama wanakijiji wengine, wakae kwenye vikundi na wenzao. Kikao kikipata rangi ya chama kimoja, nusu ya kijiji itaondoka moyoni hata kama imekaa kitini. Mgeni rasmi apewe dakika 10, na apewe mwishoni, baada ya vikundi kusema, ili naye asikie. Akipewa mwanzoni atazungumza saa nzima na kuondoka na umati wa kumsindikiza. Bendera iwe safi, isiwe iliyochanika, na Wimbo wa Taifa uimbwe beti zote mbili watu wakiwa wamesimama wima.

Baada ya kusoma, gawanyeni vikundi vya watu 8 hadi 10. Kina mama wawe na vikundi vyao walau viwili. Najua wapo watakaosema hilo ni kutenganisha watu, ila kwenye vikundi mchanganyiko wazee wa kiume husema na wanawake hutikisa kichwa, na hapo mnapoteza nusu ya akili ya kijiji. Kila kikundi kipewe ibara moja na maswali mawili tu: ibara hii inatudai nini sisi, na inamdai nini aliyekabidhiwa madaraka? Swali la pili lisiachwe. Viongozi wana wajibu wao wa kikatiba, na Ibara ya 132 imeweka sekretarieti ya kuchunguza mwenendo na tabia ya viongozi wa umma. Dakika 40 za mazungumzo, kisha kila kikundi kitoe jambo moja, moja tu, lenye mahali na kitu kinachoshikika. "Maendeleo" si jambo. "Taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji ya miezi 6 iliyopita haijasomwa" ni jambo. "Kipande cha mikoko upande wa kaskazini kinakatwa usiku" ni jambo.

Mtapata mambo sita. Pigeni kura ya mikono mchague mawili, mengine yasubiri. Mkibeba yote hayatajibiwa hata moja.

Sasa kazi ya katibu, ambayo ndiyo yako. Ndani ya wiki moja andika barua kwa mtendaji wa kijiji, yeye ndiye katibu wa mkutano, ukiomba mambo hayo mawili yawe ajenda. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi, ndio wenye kauli ya juu katika sera za kijiji, na kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 hukutana kwa kawaida kila baada ya miezi 3. Hata ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kuigawa bila mkutano huo kuridhia kwanza. Barua iwe na nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua isiyo na muhuri huwa "haikuletwa". Msinukuu namba za vifungu vya sheria hizi kutoka vitabu vya zamani, kwa kuwa toleo la urekebu la sheria zote lililoanza kutumika 1 Julai 2025 limebadilisha namba nyingi. Jina la sheria na mwaka wake vinatosha.

Mkutano usipoitishwa, au taarifa ya fedha isipotolewa, andikeni barua ya pili mkitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Iwe na jina la mwombaji aliye raia, anuani, na maelezo ya karatasi mnayoitaka kwa usahihi: taarifa ya mapato na matumizi ya mwezi gani hadi mwezi gani. Ofisi ina siku 30 kujibu, kwa kutoa au kukataa kwa sababu iliyoandikwa. Kimya kikizidi hapo, mpelekeeni mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya nakala za barua zote mbili. Bado hakuna kitu, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa na Ibara ya 129 ya Katiba hiyo hiyo mtakayoisoma. Malalamiko yake hayalipiwi na yanaweza kuandikwa kwa mkono. Mkihitaji mtu wa kuwasaidia kuandika, tafuteni wasaidizi wa kisheria wa wilaya waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yao ni bure. Nakala halisi zenye muhuri ukae nazo wewe, na picha zake ziwe kwenye simu za wanachama wawili wengine.